Ibn Sina na Siku za Kwanza Tumboni



Kabla hatujamtaja mtu wetu wa leo, kuna jambo ambalo hapa kwetu husemwa kwa sauti ndogo. Bibi arusi ameingia nyumbani, mwezi umepita, mwaka umepita, tumbo halijaonekana. Wakwe wanaanza kutazamana. Au alishika mimba, ikatoka wiki ya sita, akaambiwa ni kwa sababu alibeba mtungi wa maji wa lita ishirini kutoka mtoni, au alipita mahali fulani usiku, au ana kitu alichoficha. Au amezaa, alhamdulillahi, lakini wote watatu ni mabinti, na sasa shangazi za mume wanauliza kama hakuna mke wa pili. Mume mwenyewe hakuna anayemuuliza chochote. Si Meru na Embu peke yake, ukienda Mombasa utayakuta, ukienda Garissa utayakuta. Lakini sisi tunaishi hapa, basi tuanzie hapa.

Sasa, yuko mganga mmoja Muislamu aliyeandika juu ya mambo haya miaka elfu moja iliyopita, na jina lake kila kijana wa madrasa analijua, maana tumewapa shule, zahanati na maduka ya dawa jina hilo. Ni Ibn Sina. Wazungu humwita Avicenna. Tunalijua jina, lakini alichokiandika juu ya tumbo la uzazi wachache kati yetu wamekisikia, na humo mna alipopatia na mna alipokosea. Vyote viwili vinatuhusu.

Abu Ali al-Husayn bin Abdillahi bin Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, yaani 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, mji ulioko leo Uzbekistan. Babake alikuwa mtu wa Balkh aliyekuja huko kwa kazi ya serikali. Mamake, Sitara, alikuwa binti wa papo hapo Afshana. Familia ikahamia Bukhara mjini, na mtoto akatiwa kwa mwalimu. Alipofika miaka kumi alikuwa amekwisha hifadhi Qurani na kusoma vitabu vingi vya lugha.

Hesabu hakufunzwa na shekhe mkubwa. Babake alimpeleka kwa muuza mboga aliyezijua hesabu za Kihindi, ndiye akamfundisha. Hebu fikiria kijana wa Meru atumwe Gakoromone, akae kando ya mafungu ya sukuma wiki na viazi, afunzwe hesabu na mama au mzee anayepima! Fiqhi aliisoma kwa Ismail az-Zahid, mantiki kwa mwalimu aliyeitwa an-Natili, na baada ya muda mfupi mwanafunzi akawa anamweleza mwalimu. Alipofika udaktari aliuona si somo gumu, ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na akiwa na miaka kumi na sita waganga wazima walikuwa wanakuja kusoma kwake. Alikuwa na majivuno kidogo huyu bwana, tusifiche.

Lakini kulikuwa na kitabu kilichomshinda. Kilikuwa cha Aristotle, juu ya asili ya vitu vyote. Alikisoma mara arobaini mpaka akakijua kwa moyo, na bado hakukielewa. Akikwama katika masuala kama haya alikuwa akienda msikitini, akiswali na kuomba afunguliwe. Siku moja wakati wa Alasiri alikuwa soko la wauza vitabu, dalali akamsihi anunue kijitabu kwa dirham tatu. Akakataa. Dalali akashikilia, mwenye nacho ana shida ya pesa. Akanunua, kumbe ni sherehe ya al-Farabi juu ya kitabu kile kile. Akakimbia nyumbani, akasoma, mafundo yakafunguka. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Mwaka 997 mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliugua ugonjwa uliowashinda waganga wake. Kijana akaitwa, akasaidia kumtibu, na zawadi aliyoiomba ni kuingia katika maktaba ya mfalme. Humo alikuta vyumba na vyumba, kila fani na masanduku yake, vitabu ambavyo wengi hawakuwahi kusikia hata majina yake. Alipotimiza miaka kumi na minane alikuwa amekwisha kuvipitia.

Raha haikudumu. Babake akafariki, utawala wa Bukhara ukaanguka, na kijana akashika njia. Gurganj, kisha miji ya Khurasan mmoja baada ya mwingine, mpaka Jurjan karibu na Bahari ya Kaspi. Huko Jurjan ndiko alikopata mwanafunzi wake Abu Ubayd al-Juzjani, ambaye hakumwacha tena mpaka kufa, na ndiye aliyetuandikia sehemu kubwa ya maisha yake. Huko pia ndiko alikoanza kuandika al-Qanun, kitabu chake kikubwa cha utabibu.

Aliendelea nacho Rayy, akakifikisha Hamadan, ambako amiri Shams ad-Dawla, aliyekuwa na maumivu makali ya tumbo, alimponywa naye kisha akamfanya waziri. Jeshi halikumtaka. Askari waliizingira nyumba yake, wakapora kila kitu, wakamdai amiri amuue. Amiri hakukubali kumuua lakini alimwondoa kazini, na Ibn Sina akajificha siku arobaini katika nyumba ya rafiki. Kisha tumbo la amiri likauma tena! Akatafutwa, akaombwa radhi, akarudishiwa uwaziri. Mchana alikuwa na kazi ya serikali, basi darsa zikawa usiku, wanafunzi wamekaa, huyu anasoma al-Qanun, yule anasoma kitabu kingine.

Al-Qanun ni vitabu vitano. Cha tatu kinaeleza maradhi ya viungo, kuanzia kichwani kwenda miguuni, na ndani yake mna milango mirefu juu ya tumbo la uzazi, mimba, kuzaa na kutozaa. Hapa ndipo tulipotaka kufika.

Kwanza, jambo la kutozaa. Ibn Sina alipopanga sababu zake hakuanza na kumaliza kwa mwanamke. Aliandika kwamba sababu huweza kuwa katika mbegu za mwanamume, au katika kile kinachotoka kwa mwanamke, au katika viungo vya mmoja wao. Miaka elfu moja iliyopita, mganga wa Kiislamu kabla ya kutoa dawa alimweka mume pia mezani. Sisi leo mume akiambiwa aende apimwe anaona ametukanwa. Na kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vingi anavyopitishwa mke, na katika ndoa zisizopata mtoto tatizo la upande wa mwanamume huchangia katika hadi karibu nusu yake. Kuna akina mama wamemeza mizizi miaka mitano kwa ugonjwa usio wao.

Pili, siku za mwanzo za mimba. Aliziandika kwa hesabu. Siku sita au saba za kwanza ni hali ya povu. Siku tatu baadaye huonekana nukta na michirizi myekundu. Ikifika kama siku ya kumi na tano inakuwa alaqa, na siku kumi na mbili baada ya hapo inakuwa nyama, viungo vikaanza kupambanuka. Akaonya kwamba siku hizi huweza kupungua au kuzidi kidogo. Hesabu hizi hakuzitoa kwa kuangalia ndani ya tumbo la mtu. Nyingi zilitoka katika vitabu vya Wayunani waliomtangulia, na Wayunani nao walijifunza kwa mayai ya kuku waliyoyapasua siku baada ya siku, na kwa mimba zilizotoka.

Tatu, na hapa ndipo alipoteleza. Aristotle alisema mwanamume ndiye mwenye kuumba, mwanamke anatoa tu malighafi. Mfano wake ni maziwa na kile kinachotiwa ili yagande. Galen, mganga mkubwa wa Warumi, alisema la, mwanamke naye ana mbegu yake yenye kazi. Ibn Sina alijaribu kuwapatanisha, lakini katika kiini cha jambo alielemea kwa Aristotle, kwamba maziwa ni ya mke na cha kugandisha ni cha mume. Mtu mwenye akili kama ile! Wanazuoni wa Hadithi hawakuwafuata waganga katika hilo. Walikuwa na Hadithi ya Umm Sulaym, iliyosema kwamba mwanamke naye ana maji yake na mtoto hufanana na huyu au yule kwa sababu hiyo. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki 1449, aliwarudi waganga kwa Hadithi za namna hii. Na kwa kweli mama yeyote wa kijijini Runyenjes angeweza kumuuliza mganga: mbona huyu mtoto amechukua pua yangu?

Kilichokuwa kimekosekana ni jicho. Yai la mwanamke lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mfano wa nukta ya kalamu iliyochongwa vizuri. Mbegu ya mwanamume ni ndogo zaidi, haionekani kwa jicho tupu kabisa. Ilipopatikana darubini ya vitu vidogo, Leeuwenhoek wa Uholanzi aliziona mbegu za kiume mwaka 1677. Yai la mnyama anayenyonyesha lilingoja mpaka 1827, pale Karl Ernst von Baer alipoliona la mbwa. Yaani miaka karibu mia nane baada ya Ibn Sina kuzikwa ndipo ilipothibitika kwa macho kwamba mwanamke naye anatoa yai lake. Na mwaka 1905 Nettie Stevens na Edmund Wilson huko Marekani walionyesha, kwa kuchunguza wadudu, kwamba kromosomu ndizo zinazoamua kiume au kike. Kwa binadamu tofauti hiyo inakuja na mbegu ya baba. Mama hutoa aina moja tu. Basi wale shangazi wenye kulalamikia mabinti watatu, wamwendee kaka yao.

Leo mwanafunzi wa uuguzi katika chuo cha KMTC, Meru au Embu, anayasoma haya katika darasa la kawaida. Yai likitoka hukutana na mbegu katika mrija, kabla ya kufika katika tumbo la uzazi. Wakishaungana, ile seli moja inagawanyika: mbili, nne, na siku ya tatu kama nane. Siku ya nne ni tonge dogo lenye vinundu kama tunda la forosadi, na bado linasafiri, linasukumwa polepole na vinyweleo vya ndani ya mrija. Siku ya tano limekuwa kifuko chenye maji ndani. Seli za nje zitakuwa kondo la nyuma, kifungu kidogo cha ndani ndicho kitakachokuwa mtoto. Kisha kinatoka katika ganda lake laini, kama kifaranga.

Siku ya sita au ya saba kinagusa ukuta wa tumbo la uzazi na kuushika. Ukuta huo umeandaliwa mwezi mzima, umekuwa mnene na wenye damu. Kile kidudu, kidogo kuliko chembe ya mchanga, kinachimba na kuingia ndani, na kufikia kama siku ya kumi na mbili kimezama na ukuta umejifunga juu yake. Wakati huo huo kinatoa homoni inayopeleka habari kwenye ovari: hedhi isije. Ni homoni hiyo hiyo inayoonekana katika mkojo kwa kile kipimo cha duka la dawa. Mama mwenyewe bado hajui lolote. Anafunga, anaswali Tarawehe, anapika futari, na ndani yake mazungumzo yameanza. Moyo utapiga mara ya kwanza kiasi cha siku ishirini na mbili tangu yai na mbegu kuungana.

Ndugu zetu wengine wakifika hapa hukimbilia kuonyesha kwamba siku sita au saba za Ibn Sina ndizo hizi hizi. Mimi naona tusiwe na haraka. Namba zimefanana, lakini yeye alidhani ni povu lililoko ndani ya tumbo la uzazi, kumbe katika siku za mwanzo kiinitete bado kiko njiani katika mrija. Neno alaqa lenyewe limo katika Qurani aliyoihifadhi utotoni, na maana yake ya kitu kinachoshika au kuning'inia inamtosha mwenye kutafakari bila ya kulitilia chumvi.

Lenye faida kwetu zaidi ni hili: nyingi hazishiki. Kifuko kinafika, kinagusa, kinashindwa, damu inakuja kwa siku yake au imechelewa kidogo, na hakuna aliyejua. Hata kati ya mimba ambazo zimekwisha julikana, kiasi cha kumi mpaka ishirini katika kila mia hutoka zenyewe, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo, na sababu iliyo kubwa ni hesabu ya kromosomu kuharibika tangu siku ile ya kwanza ya kuungana. Mtungi wa maji haukuingia mle, wala kijicho cha jirani. Anayestahili kuulizwa habari za damu ni daktari. Na hapa dada zangu sikilizeni vizuri: hedhi ikikosekana kisha yakaja maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, au kizunguzungu na damu, usilale nyumbani kungoja asubuhi. Mara moja au mbili katika kila mimba mia kiinitete hushika mahali pasipo pake, mara nyingi ndani ya mrija, na mrija ukipasuka mama huweza kufa kwa damu ya ndani. Hospitali, usiku huo huo, na saumu ifunguliwe bila wasiwasi.

Waliojua kushika kwa kiinitete wakajaribu pia kusaidia. Mwaka 1978 alizaliwa Uingereza mtoto wa kwanza aliyeanzia nje ya tumbo, Louise Brown. Mwaka 1980 Misri ilitoa fatwa kuruhusu njia hiyo ikiwa yai na mbegu ni za mke na mume walio katika ndoa, bila mtu wa tatu. Nairobi watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa 2006. Gharama ni kubwa kwa mkulima wa chai au wa miraa, na hata huko, daktari akishakiweka kifuko ndani, kushika au kutoshika hakuko mkononi mwake.

Tumrudie mtu wetu. Shams ad-Dawla alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina hakutaka uwaziri wa mwanawe. Barua zake za siri kwa mtawala wa Isfahan zikagunduliwa, akatiwa katika ngome ya Fardajan miezi minne, na mle gerezani akaendelea kuandika vitabu. Baadaye alitoroka Hamadan pamoja na ndugu yake, al-Juzjani na watumwa wawili, wote wamevaa mavazi ya masufi. Isfahan walipokelewa kwa heshima na Ala ad-Dawla, na huko aliishi miaka yake iliyobaki, akifuatana na mtawala huyo hata vitani.

Wanazuoni hawakumwacha bila kumrudi. Imamu al-Ghazali, baada yake, alimkosoa vikali katika mambo ya itikadi, na mwenye kumsoma falsafa yake na asome pia majibu hayo. Udaktari wake lakini ulisafiri. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliitafsiri al-Qanun kwa Kilatini, na vyuo vya Ulaya vikaisomesha mpaka karne ya 17. Pamoja na yale maziwa na cha kugandisha, maana kosa la mtu mkubwa nalo hudumu miaka mingi.

Aliyeandika kurasa nyingi vile juu ya mimba hakutajwa na waandishi wa maisha yake kuwa na mke wala mtoto. Kilichomuua ni maradhi ya tumbo, yale yale aliyokuwa akiwatibu watawala. Alijitibu kwa haraka, akitaka apone upesi asiachwe nyuma na msafara, na dawa ikamzidishia. Alipata nafuu, akaumwa tena, na njiani kuelekea Hamadan alijua nguvu zimekwisha. Akaacha dawa. Imepokewa kwamba aliwaacha huru watumwa wake, akatoa sadaka, akawarudishia watu haki zao alizozijua, na akawa anakhitimisha Qurani kila siku tatu.

Alifariki Hamadan katika mwezi wa Ramadhan, mwaka 428 Hijria, 1037 Miladia, akiwa na miaka hamsini na saba hivi. Alizikwa papo hapo, na jengo lililoko leo juu ya kaburi lake lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.